Kopa Saba, Mara Moja

Wifi yangu hana simile. Aliniambia kwenye ngazi za chuo cha ufundi, mimi nikiwa bado na sare ya kazini na miguu inawaka moto.

"Wifi, nikwambie kitu kabla hatujaingia, usije ukasema sikukwambia."

"Sema. Nimetoka zamu, sina nguvu ya kukisia."

"Mhandisi hana mwenzake. Yule mzee aliyekuwa akicheza naye briji amehamia kwa binti yake, harudi tena. Ameniomba nicheze naye, nami nimemwahidi jibu leo. Leo mimi na wewe tukipita asilimia hamsini ya alama, nabaki na wewe. Tusipopita, Jumamosi ijayo nakaa na Mhandisi."

"Na mimi nikae na nani?"

"Ndiyo maana nakwambia mapema," akasema, akapanda ngazi.

Nilijua hesabu kama anavyoijua yeye. Klabu yetu ya briji haipokei mtu mmoja mmoja. Mnakuja wawili au hamji. Zilikuwepo jozi nane, zimezoeana tangu sijui lini, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angemwacha mwenzake anichukue mimi. Wifi akiondoka, nami nimeondoka. Jumamosi yangu, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, ndiyo saa tatu pekee katika wiki ambazo haniiti mtu "mama" wala "sista". Zikienda zimekwenda, zitaliwa na nguo za kunyoosha kabla sijageuka.

Mchezo huu alinifundisha yeye. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mpima ardhi, mwanamke aliyezoea kusimama juani akiamuru wanaume wasogeze mti wa kupimia kidole kimoja kushoto. Miaka sita iliyopita, kitinda mimba wangu akiwa na miezi minne, alikuja kuniona. Wengine walileta sabuni na vitenge. Yeye alileta karata. "Ukikaa hivi akili yako itaoza," akasema, akagawa.

Kwa asiyeujua: briji ni watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu karata kumi na tatu. Kwanza kuna mnada. Mnataja mtakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa nini, kila mmoja akipandisha juu ya mwenziwe, mpaka watatu wanyamaze. Aliyeshinda mnada anacheza. Mwenzake analaza karata zake mezani wazi, anakuwa bubu. Mnada wenyewe hauna sauti. Kila mtu ana kikasha chenye vikadi, anachomoa anachotaka kutaja na kukiweka mezani; asiye na la kutaja huweka kikadi cha pasi. Kwa hiyo lazima uambizane na mwenzako kila kitu kwa vikadi vichache, na lazima mmoja wenu ajue lini ameshasema yake.

Hapo ndipo tatizo langu lilipo.

Wifi ana daftari la kazini, lile gumu lenye mistari ya bluu, na ndani yake ameandika makosa yetu tangu mwaka uanze. Upande wa kushoto yangu, upande wa kulia yake. Jumatatu iliyopita alinipa nikae nalo. Nililisoma kazini, mashine ya mvuke ikinguruma. Mimi ni mkuu wa chumba cha kusafishia vyombo vya upasuaji, na mashine ikishafungwa unapata dakika arobaini za kukaa. Makosa yake kumi. Yangu thelathini na moja. Na katika hayo thelathini na moja, ishirini na manne yameandikwa neno lilelile: *Amerudia.* *Amerudia.* *Amerudia tena, hata baada ya kuambiwa.*

Maana yake ni hii. Nikiwa na kopa sita, nataja kopa. Sawa. Wifi anasikia, anataja kitu kingine. Nami, badala ya kumsikiliza, nataja kopa tena. Anajaribu kutuongoza pengine. Nataja kopa mara ya tatu, juu zaidi. Karata ni zilezile, hazijaongezeka hata moja. Tunafika kopa tano, tunaanguka, yaani tunapungukiwa mizunguko mitatu, naye ananiangalia kama mtu aliyekanyagiwa mpaka wake.

Nilijitetea mwaka mzima. Kisha nikawa nimekaa pale, daftari mapajani, namsikiliza msaidizi wangu akifunga trei. "Koleo ndogo?" "Koleo ndogo." "Koleo ndogo, mbili?" "Koleo ndogo, mbili." Sheria hiyo niliiweka mimi. Chumbani kwangu chombo ambacho hakikutajwa mara mbili hakipo, na trei hairuhusiwi kutoka. Nikitoka hapo narudi nyumbani: vaa viatu, vaa viatu, nimesema vaa viatu. Mume wangu naye, bili ya maji umelipa, umelipa bili ya maji? Mtu anayeishi hivyo kuanzia saa kumi na moja alfajiri, umpe kopa sita mkononi, utegemee aseme mara moja anyamaze?

Lakini kujua ugonjwa si kupona. Nikachukua kipande cha lebo ya trei nikaandika maswali matatu. Nimeshasema nini? Yeye amesema nini? Kati yetu nani anajua zaidi? Jumanne hadi Ijumaa, kila mashine ilipofungwa, niligawa karata juu ya meza ya chuma nikanadi mikono yote minne mwenyewe, nikijiuliza maswali hayo kabla ya kila kikadi. Msaidizi wangu alidhani napiga ramli.

"Inasemaje?" akaniuliza.

"Inasema ninyamaze."

"Haiwezekani. Gawa upya."

Basi Jumamosi ile tukaingia ukumbini. Meza nne za mbao, viti vya plastiki, harufu ya chaki na chupa za chai. Mhandisi, kwa kuwa hakuwa na mwenzake, alipewa usimamizi wa siku. Alikuwa na saa ya kupimia muda mkononi na shati lililopigwa pasi vizuri kuliko langu lilivyowahi kupigwa. Akamwinamishia wifi kichwa kidogo. Wifi akajifanya anatafuta kalamu.

Mkono wa tatu, yaani mgao wa tatu wa karata, ulinipima. Nilikuwa na shupaza sita, nikataja shupaza moja, kisha mbili. Wifi akataja tatu bila turufu, yaani tutakula tisa, maana idadi inayotajwa huongezwa juu ya sita, na hakuna karata ya kufuta nyingine. Mkono wangu ulishafika kwenye kikadi cha shupaza nne. Nilikigusa kabisa. Nimeshasema nini? Shupaza sita. Amesikia? Si kiziwi. Nani anajua zaidi? Yeye: ameziona zake na amesikia zangu, mimi sijaona zake hata moja. Nikachomoa pasi.

Wifi alikitazama kile kikadi muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa. Kisha akacheza, akala tisa kamili. Tulipoangalia karatasi ya matokeo, maana karata zilezile huzunguka meza zote na mwisho watu hulinganishwa, wenzetu wawili walikuwa wametaja shupaza nne na kuanguka.

"Unaumwa?" wifi akaninong'oneza.

"Nimechoka tu."

"Basi uchoke hivyohivyo."

Uchovu lakini hauchagui. Mkono wa kumi na moja nilishinda mnada mimi, tatu bila turufu, wifi akalaza karata zake, bubu. Alikuwa na pau tano nzuri, mfalme, malkia, ghulamu, kumi, saba; ree peke yake ndiyo ilikuwa nje. Kufikia karata hizo kulikuwa na mlango mmoja tu, ree yake ya shupaza. Mpinzani akaanza kwa shupaza. Mimi nilikuwa na mfalme wa shupaza mkononi. Ungemwuliza mtu yeyote aliyelala kwa muda wa saa saba angekwambia: kula kwa mfalme wako, acha ree ya bubu ikae, ndiyo itakayokurudisha kule pau zikishafunguka. Ndivyo ninavyowafundisha hata vijana wangu: usifunge trei kabla hujahesabu. Nilikuwa na dakika nzima ya kuhesabu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikimwambia wifi, "Ree."

Akaisogeza. Bubu hana ruhusa ya kusema neno. Nikaona kosa langu ree ikiwa bado inateleza mezani. Nikacheza pau, wakaacha ipite. Nikacheza ya pili, wakala kwa ree yao. Wakarudisha shupaza, ikaliwa na mfalme wangu, nami nikabaki natazama pau tatu nzuri za wifi, wazi mezani, kama nguo zilizo kwenye duka lililofungwa. Nikaanguka mizunguko miwili.

Wifi alifungua daftari. Aliandika upande wa kushoto, akalifunga.

Nilikwenda kunawa uso. Nilijiangalia kwenye kioo cha choo cha chuo, macho kama ya mtu aliyekata vitunguu vya mwezi mzima. Nikajiambia, mwanamke, hii ni karata. Nikajijibu kwamba karata ndiyo iliyobaki. Nikarudi.

Baada ya hapo tulicheza kwa adabu. Mara tatu nilitaka kurudia, mara tatu nikatoa pasi, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa sawa. Nilikuwa nikipiga hesabu kichwani kwa matokeo niliyoyaona kwenye karatasi: tulikuwa juu kidogo ya nusu, au chini kidogo ya nusu, mkono mmoja ungeamua.

Meza ya mwisho walikaa Karani na Daktari wa Meno. Karani ni mzee wa mahakama aliyestaafu, mdomo wake haujastaafu. Daktari wa Meno hasemi. Nadhani amezoea watu wasioweza kumjibu.

"Mawifi!" Karani akasema tulipokaa. "Mama Marudio, karibu. Leo umeniletea kopa ngapi? Utanitajia mara moja au mara tano?"

"Kaa kitako, mzee, chukua karata zako."

"Nimekaa. Nauliza tu, nijue kama nichukue chai kabisa."

Wifi hakucheka. Zamani angecheka.

Mkono wa mwisho kabisa, nikafungua karata zangu. Kopa saba. Mfalme, malkia, ghulamu, kumi, saba, tano, mbili. Shupaza moja, uru mbili, pau tatu, zote takataka. Zamu ya kuanza ilikuwa yangu. Nikataja kopa tatu papo hapo, kama wifi alivyonifundisha: ukianza na kopa tatu unamwambia mwenzako, nina kopa saba na sina kingine. Ukishasema hivyo umemaliza. Kuanzia hapo mwenye kuamua ni yeye.

Karani akataja shupaza tatu. Wifi akataja kopa nne. Daktari wa Meno, bila kuinua macho, akataja shupaza nne.

Ikarudi kwangu.

Nitasema ukweli. Mkono uliwasha. Kopa saba! Mwenzangu amezikubali! Wanataka kuninyang'anya! Kila kitu mwilini mwangu kilisema taja kopa tano, sema tena, hawakusikia. Karani alishaegemea kiti, anatabasamu, anasubiri kikadi hicho kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nimeshasema nini? Yote. Nani anajua zaidi? Wifi.

Nikatoa pasi.

Tabasamu la Karani likakwama. "Ala!" akasema. Daktari wa Meno akainua macho, akaniangalia mara ya kwanza katika miaka sita. Karani naye akatoa pasi, ikabaki kwa wifi.

Wifi hakugusa kikasha chake. Aliangalia pasi yangu. Akaangalia karata zake, akaipanga upya karata moja, akairudisha ilipokuwa. Mhandisi akapita nyuma yetu akatazama saa. Zilipita labda dakika mbili. Kisha wifi akachomoa kikadi chekundu: dabo. Yaani hamtimizi hizo shupaza nne. Mkianguka adhabu maradufu, mkitimiza tuzo maradufu.

Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikajua wifi ana kitu. Mpima haweki alama bila kupima.

Karani alicheza kama anayemenya chungwa. Tukala kopa moja. Ya pili akaifuta kwa turufu. Mfalme wa uru wa wifi alikuwa amekaa mbele ya ree na malkia wa Daktari, akaliwa bila kelele. Tukapata pau mbili. Ikawa basi. Wakala kumi kamili. Shupaza nne, dabo, zimetimia.

"Asanteni, mawifi," Karani akasema, akakusanya karata kwa upole ambao sikuutarajia.

Tulibaki mezani wawili. Wengine walikuwa wakimalizia chai zao. Mlinzi wa ukumbi alishaanza kupandanisha viti.

"Ulikuwa na nini?" nikamwuliza.

"Ree ya kopa. Mfalme wa uru, mfalme na malkia wa pau. Malkia wa shupaza na kadogo kamoja."

"Na kwa hizo ukapiga dabo?"

"Hapana."

"Umepiga. Nimekiona kikadi."

"Nimepiga dabo kwa sababu ulinyamaza." Alisema akiangalia meza. "Miaka sita, wifi, hujawahi kunyamaza ukiwa na kopa saba. Hata siku moja. Nikasema, kama amenyamaza, basi ana kitu cha shupaza. Lazima ana kitu. Nilitaja kopa nne nikijua utapanda tano, na wao watapanda tano, hapo niwapige. Tano zisingetimia. Ndivyo ninavyocheza na wewe siku zote. Nakuhesabia ile kelele yako."

"Unaihesabu?"

"Kama karata ya kumi na nne."

Sikujua nicheke au nimtupie kikasha. Wiki nzima nimejikaba koo juu ya meza ya chuma, na mtu mwenyewe kajenga nyumba juu ya kosa langu, kaezeka kabisa.

"Daftari lako halina hilo," nikasema. "Nimelisoma lote. Hakuna mahali umeandika kwamba kosa langu unalitumia."

"Sikujua kama nalitumia. Nimejua leo, ulipoliondoa."

Mhandisi akapiga kengele ya mezani, akasoma matokeo kutoka juu kwenda chini, kwa sauti ile ya mtu anayepokea mradi. Jozi ya tano tulikuwa sisi. "Arobaini na tisa nukta tatu," akasema, akamtazama wifi kidogo, akaendelea.

Nilifanya hesabu bila kutaka. Angenyamaza naye, shupaza nne bila dabo zingetupa wastani, tungefika hamsini na moja na ushei. Ningekula kwa mfalme wa shupaza kule kwenye mkono wa kumi na moja, tungefika pia. Kosa lake moja, langu moja. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza kama Jumamosi ijayo ninyooshe nguo kabla au baada ya saa tisa.

Mhandisi alikuja akiwa ameshika karatasi zake. "Mpima, habari ndiyo hiyo. Tulisema leo utanijibu."

"Nitakujibu," wifi akasema. "Siji."

"Ulisema hamsini."

"Nilisema tukishindwa mimi na wifi yangu, kumbe alama nimezipoteza mimi, kwa kumpiga dabo mtu wangu mwenyewe. Nikija kwako, kila utakaponyamaza nitadhani una kitu. Utanifukuza mwezi wa pili."

"Mimi nanyamaza mara nyingi," Mhandisi akasema, kama anayesikitika.

"Ndiyo maana."

Akasimama kidogo, akaona hakuna la kujadili, akaenda kuzima feni. Nami nikamgeukia wifi, maana kitu kilinikera na sikutaka kwenda nacho nyumbani.

"Kama unabaki kwa kunihurumia, nenda. Sitaki mtu acheze nami kwa huruma. Nina watu wa kunihurumia tele nyumbani, na vyombo bado naosha mwenyewe."

"Huruma gani?" Sasa alipandisha sauti, mlinzi wa viti akageuka. "Nimetumia miaka sita kukuzoea! Umebadilika kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, hata taarifa hukutoa! Sasa sijui pasi yako ina maana gani. Sijui kopa zako zina maana gani. Naanza upya kama mtoto, na umri huu! Unataka pia nikuhurumie?"

"Mbona unapiga kelele?"

"Kwa sababu nina njaa."

Akafungua daftari, upande wa kulia, akaandika. Nilinyoosha shingo. Aliandika: *Dabo. Sikuamini pasi.* Akalisogeza kwangu, akanipa kalamu, kama mtu anayetaka sahihi kwenye ramani ya kiwanja. Niliweka alama ndogo pembeni. Sijui ilikuwa na maana gani, ilionekana inahitajika.

"Tugawe mikono minne tu," akasema, tayari anachanganya karata. "Wewe unataja, mimi nasikiliza. Nataka kujua ukinyamaza una nini."

"Sina kitu. Nikinyamaza sina kitu. Hilo ndilo somo lote."

"Minne tu, wifi."

"Leo hapana." Nikasimama, magoti yakalia. "Nimeamka saa kumi na moja kasoro, nimehesabu koleo mia mbili, nimeicheza ree ambayo haikuwa ya kuchezwa. Nikikaa hapa nitalala juu ya meza. Jumanne, saa kumi na moja jioni, kwako. Kwangu haiwezekani, kuna watoto. Na uwe umepika."

"Nipike nini?"

"Chochote kilichoiva."

Akaandika Jumanne, akaandika saa. Mlinzi akachukua kiti nilichokuwa nimekikalia kabla sijakiaga. Nikashika chuma cha ngazi, nikashuka polepole, nikijiuliza kama nikipitia dukani bado nitapata dakika ishirini za kulala kabla ya mtu wa kwanza kuniita mama.